Ushairi na Swali la Mwanafunzi

Msomaji, yumkini nawe umepata kuketi darasani ukihesabu mizani kwa vidole, ukapiga mstari chini ya kila kina, kisha ukafunga kitabu bila kujua kama mtunzi alikuwa akilia au akicheka. Ikiwa ndivyo, nakuomba radhi, maana hata mimi nilifundisha hivyo kwa miaka kadha.

Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilidhani kuwa mwenye kujua vina na mizani amekwisha kulijua shairi. Utenzi wa Mwana Kupona niliufundisha kwa njia hiyo. Nilieleza kwamba ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Kwamba ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Na kwamba kila ubeti una mistari minne yenye mizani minane minane. Wanafunzi waliandika yote, wakafaulu mtihani, wakasahau.

Siku moja msichana aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini mama huyu ataka bintiye amtii mume kiasi hiki?" Kengele ilikuwa karibu kulia, na jibu fupi lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza. Nikaliambia darasa lirudi katika utenzi likatafute.

Wako waliosema kuwa mtunzi awadunisha wanawake. Wengine wakasema si haki kumpima mtu wa kale kwa mizani ya leo. Ndipo mvulana mmoja mnyamavu akatuonyesha jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila mwaka: mapema katika utenzi mama amwambia binti alete wino na karatasi. Akasema, "Huyu amfundishaye mwanawe utii, papo hapo amwonyesha kwamba maneno ya mwanamke yastahili kuandikwa."

Yule msichana hakuridhika. Alijibu, "Wino haufuti amri." Kengele ikalia, na swali likatoka naye nje.

Nionavyo mimi, wote wawili walisema kweli, na nguvu ya utenzi huu imo katika kweli hizo mbili zinazovutana. Mimi nisingaliwafunza hayo, kwani sikuwa nayo. Tena, somo lililofuata wao wenyewe waliuliza juu ya mizani: kwa nini mistari ni mifupi hivi? Wakatambua kuwa wasia hutungwa ili ukae moyoni, na mstari mfupi wenye kina hushikika upesi. Kanuni niliyokuwa nikiwalazimisha kuikariri sasa ilikuwa na kazi.

Walakini tusipite mpaka. Swali lisilorudi katika maneno ya mtunzi hugeuka porojo, na mwanafunzi asiyejua lugha ya utenzi hawezi kuuhoji. Mwalimu hana budi kufafanua maneno magumu na kueleza zama za mtunzi. Kosa langu lilikuwa kukoma hapo, nikidhani kazi imekwisha.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi, msomaji, ukutanapo na shairi, hesabu mizani yake, lakini usiondoke hapo. Liulize swali linalokukera kweli, kisha rudi ubeti kwa ubeti usikilize. Na mwalimu wako akichelewa kukujibu, usimdhanie mjinga. Huenda amekuachia nafasi.