Ziwa Mgongoni

Kati ya Ahero na Ikonge, magharibi mwa Kenya, mwendesha baiskeli hahitaji kifaa cha kumwambia amefika mita ngapi juu. Mashamba humwambia. Ahero ni mpunga, na uwanda wa Kano umelala tambarare hata pedali zinazunguka zenyewe. Baada ya Katito barabara inaanza kuinuka kuelekea Sondu, na mpunga unaachia mahindi. Ukipita Chabera migomba inasongamana, udongo unazidi wekundu, hewa inapoa shingoni. Kisha unatokea kwenye kona na majani chai yameshika kando zote mbili za lami. Umeingia Nyamira.

Maji ya Ziwa Victoria yako takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Nyamira vinakaribia mita 2,100. Tofauti hiyo haina njia ya mkato. Gari huilipa kwa mafuta. Mwenye baiskeli huilipa kwa mapaja na mapafu, mita kwa mita. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10, akipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, anatumia zaidi ya wati 200 kwa kazi ya kuinua uzito peke yake, mbali na upepo na msuguano wa matairi. Kasi hiyo watoto wa shule wanaweza kukimbia nayo sambamba, na hukimbia kweli, mikoba ikirukaruka migongoni, wakikuuliza unakwenda wapi.

Ninausifu ustadi huu wa kupanda kwa sababu hauonekani. Apitaye na matatu humwona mtu aliyeinama, anayetoka jasho, anayekwenda polepole, na hudhani anachokiona ni nguvu. Nguvu imo, lakini wenye nguvu ndio wanaoharibikiwa mapema. Wanaushambulia mlima tangu mguuni pake, wanafika robo ya njia, miguu inagoma. Mpandaji hodari huanza kwa unyonge wa makusudi. Anashuka gia kabla hajalazimika, maana ukingoja pedali zigande ndipo ubadilishe, mnyororo utalalamika na huenda ukachomoka. Anazungusha miguu kwa wepesi badala ya kukanyaga kwa uzito. Kipimo chake ni mdomo: akiweza kutamka sentensi nzima, yuko sawa, akibaki na neno moja moja, apunguze. Hali barabara kwa pupa. Huila kama mla muwa, ajuaye kwamba fundo gumu liko mbele na meno ni yale yale.

Kona zina elimu yake. Hapa Kenya tunapita kushoto, kwa hiyo kona inayokunja kushoto hukuweka upande wa ndani, ambako mwinuko ni mkali zaidi. Inayokunja kulia hukupa upande wa nje, na mwinuko unalegea kidogo. Mpandaji mzuri huijua kona kabla hajaifikia. Huenda akasimama juu ya pedali kwa ile ya kushoto, akitumia uzito wa mwili, kisha akakaa na kuvuta pumzi kwenye ya kulia. Hatatanua kulia kutafuta wepesi, kwa sababu lori la ndizi linaweza kuwa linashuka.

Na ziwa? Ziwa liko mgongoni. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote katika njia hii. Ghuba ya Winam iko kaskazini-magharibi nawe unapanda kuelekea kusini, hivyo kila mita unayoipata inaongeza mandhari usiyoyaona. Mwenye baiskeli aliyeinamia usukani anaona lami, tairi lake la mbele, labda kisigino cha mwenzake. Mandhari yanakua nyuma yake kama kazi inavyokua, bila yeye kuyatazama. Lazima asimame, ashuke, ageuke. Wengi hawasimami kabla ya juu, na mimi nawaunga mkono: kuanza tena katikati ya mwinuko ni taabu kuliko kuendelea. Wanaotaka kulitazama ziwa kwa utulivu huenda hadi ukingo wa Manga, ambako siku ya anga safi maji yanaonekana mbali, yameng'aa chini ya mbingu.

Inafaa kwenda asubuhi. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea milimani ukibeba unyevu, na alasiri mawingu yanafunga. Gusii na Kericho zinajulikana kwa mvua ya mawe. Kushuka lami iliyolowa ni ustadi mwingine kabisa. Breki hubanwa na kuachiwa kwa zamu, macho yakiwa mbali.

Waliotangulia kuijua milima hii hawakuwa na gia. Walikuwa na baiskeli aina ya Black Mamba, chuma cha kilo 20 hivi, keria nyuma, na juu ya keria mkungu wa ndizi, gunia au abiria. Palipozidi walishuka na kusukuma, bega likiwa kwenye tandiko. Hawakuitwa wanamichezo. Kwangu hao ndio walimu wa kwanza, maana walijua mwinuko upi unapandika na mzigo upi, na wakikosea hesabu, mzigo ulianguka.

Siku hizi ustadi huu una jukwaa kubwa pia. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na jumla ya miinuko ilizidi mita 5,000. Washiriki wengi waliacha njiani, huku wakazi wa Kigali wamejaa kandokando wakishangilia. Kenya nayo ina historia: Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, kabla ya kufariki mbioni Marekani mwaka 2022. Milima ya Rwanda haipandwi bila ustadi ule ule ninaousifu hapa.

Natamani mbio zianze Ahero alfajiri na kuishia Ikonge kabla ya mawingu. Polisi wafunge barabara kwa saa nne tu. Kuwe na kundi la wenye gia, na kundi la wenye Black Mamba, kila mmoja na mzigo uliopimwa kwenye mizani, na zawadi ya kundi la pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza. Wachumaji wa chai, ambao kila siku wanapanda miteremko hiyo na vikapu mgongoni, wapewe nafasi ya mbele kwenye kona kali ya kushoto. Wao watajua mara moja ni nani aliyeanza kwa pupa.