Orffyreus na Gurudumu Lake: Je, Ufasaha ni Ushahidi?

Katika toleo hili tumekusudia kuhakiki maisha ya mtu ambaye, kwa mtazamo wa kwanza, hana uhusiano wowote na idara ya lugha. Tulikutana naye darasani. Katika somo letu la kuzungumza mbele ya hadhira, mwanafunzi mmoja alisimulia habari za Johann Bessler, Mjerumani aliyedai kuunda gurudumu linalozunguka daima bila kusukumwa na kitu chochote. Mwanafunzi alisema kwa ufasaha, darasa likapiga makofi, nasi tukampa alama ya juu. Tulipokuwa tukitoka, mwenzake akatuuliza: "Mwalimu, lakini ni kweli?" Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Kwanza, maisha yenyewe kwa ufupi. Mwaka 1712 Bessler alionyesha gurudumu lake mjini Gera. Aliunda mengine, akayavunja, kisha akapata mlinzi mwenye cheo, Karl, mtawala wa Hesse-Kassel. Mwezi Novemba 1717, katika kasri la Weissenstein, gurudumu lenye kipenyo cha futi 12 hivi lilifungiwa chumbani na mlango ukatiwa lakiri. Mlango ulifunguliwa mara moja kwa ukaguzi, ukafungwa tena. Ulipofunguliwa Januari 1718, baada ya siku 54 kwa jumla, gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Hata hivyo, tumbo la gurudumu lilifunikwa, na Bessler alidai alipwe thaler 100,000 kabla ya kulifunua. Ni Karl peke yake aliyeruhusiwa kuchungulia ndani.

Tukija kwenye fani, ndipo mtu huyu anapotuhusu sisi walimu wa lugha. Jina Orffyreus alilitunga mwenyewe. Alichukua kila herufi ya jina Bessler akaweka mahali pake herufi iliyo hatua 13 mbele yake katika alfabeti: B ikawa O, E ikawa R, na kuendelea. Akapata Orffyre, akaongeza kiambishi tamati cha Kilatini. Watoto wa pwani wanaozungumza kinyume wangemwelewa mara moja. Aidha, maadui zake, Gärtner, Wagner na Borlach, walipochapisha maandishi ya kumwita tapeli, hakuwajibu kwa kufunua chombo. Aliwajibu kwa kitabu kizima cha mashairi, akisimulia maisha yake na kujitetea kwa vina.

Sisi tuliolelewa katika utamaduni wa malumbano ya kishairi hatuwezi kumdharau kwa hilo. Kujibu shairi kwa shairi ni heshima. Lakini katika malumbano yetu jambo linaloshindaniwa huwa lipo mbele ya wote: maana ya neno, sera, tabia ya mtu. Bessler alishindania kitu kilichofichwa ndani ya kitambaa. Hapo vina havikuwa hoja; vilikuwa kitambaa cha pili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msuko wa maisha haya unafikia kilele mwaka 1721. Profesa Willem 's Gravesande wa Leiden alikagua ekseli na sehemu za nje za gurudumu, asione udanganyifu, akamwandikia Newton barua. Bessler akakasirika kwamba profesa alitaka kuiba siri bila kulipa, akalivunja gurudumu. Mwaka 1727 msichana wa kazi aliyemtumikia akatoa ushahidi kwamba magurudumu yalikuwa yakizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozungusha. 's Gravesande hakuujali. Aliandika kwamba hatilii maanani sana anayoyasema mtumishi kuhusu mashine.

Hapa ndipo penye dhamira kuu kwa maoni yetu. Hatudai kwamba kila neno la msichana yule lilikuwa sahihi. Huenda alikuwa na kinyongo, na ushahidi wake hauelezi wazi siku zile 54. Tunachohoji ni kipimo kilichotumika. Mwenye vina na mlinzi wa cheo alisikilizwa kwa miaka mingi bila kufunua kitu. Aliyesema kwa maneno ya kawaida kwamba "nilizungusha mimi" alipuuzwa kwa sababu ya kazi yake, ingawa kama gurudumu lilizungushwa kwa mkono, mwenye mkono ndiye mtaalamu.

Kuhusu swali la mwanafunzi wetu, sayansi imekwisha kujibu. Uzito unaoshuka hautoi nishati zaidi ya ile iliyotumika kuupandisha, na msuguano hula sehemu yake kila mzunguko. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliacha kupokea madai ya mashine za aina hii mwaka 1775, na Helmholtz aliieleza kanuni ya uhifadhi wa nishati mwaka 1847. Bessler alikufa mwaka 1745 kwa kuanguka kutoka kwenye kinu cha upepo alichokuwa akikijenga. Siri yake, kama ilikuwapo, alikwenda nayo.

Wenzetu walimu, karatasi yetu ya kusahihishia mazungumzo ina alama za matamshi, sarufi, mtiririko na mvuto. Haina hata alama moja ya swali "umejuaje?" Kwa mtindo huo tungempa Bessler alama za juu kabisa, na yule msichana tungemkata kwa upungufu wa msamiati. Muhula ujao tunapendekeza idara iongeze kipengele cha ushahidi. Aliyeuliza swali pale mlangoni hakuwa amepata alama nzuri siku ile. Tunakiri kwamba kosa lilikuwa letu.