Mbeni na Fanfari: Ni Kuiga Tu?

Fanfari ikipiga marshi barabarani, wengi wanasema: «Kitu cha wazungu.» Tena juu ya mbeni, ile ngoma ya zamani ya miji yetu ya shaba, walisema: «Ni kuiga tu.» Maneno hayo mawili tuyapime sawasawa.

Kwanza, fanfari yenyewe si mali ya taifa moja. Ngoma kubwa na matoazi vilitoka kwa Waturuki. Wapigaji wa sultani walivipiga vitani, na katika miaka ya 1700 majeshi ya Ulaya yaliviazima. Kumbe wazungu nao walipokea kitu kwa adui wao, wakakifanya chao.

Pili, mbeni. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wakati wa vita ya 1914-1918 askari na wapagazi waliieneza mbali. Kisha ikafika Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu walivaa nguo safi, wakajipanga mistari, wakajipa vyeo vya mfalme na gavana. Mwaka 1951, kule Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliona kalela, mdogo wa mbeni. Tarumbeta hazikuwapo tena. Ngoma zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Nyimbo zilisifu kabila la waimbaji na kutania makabila mengine.

Je, huko ni kuiga tu? Mwenye kuiga tu hajitengenezei ngoma kwa pipa. Wale walitwaa mwendo wa askari, wakatia ndani lugha yao na mzaha wao. Wageni katika kambi walipata hatua moja ya kutembea pamoja. Hiyo ndiyo sifa yake. Kosa lake nalo tusilifiche: vyeo vililea majivuno, na mashindano ya vikundi mara nyingine yalizaa ugomvi.

Na sisi je? Mwaka 1903 Papa Pio X alikataza fanfari ndani ya kanisa, lakini katika maandamano ya nje askofu aliweza kuiruhusu, pasipo nyimbo za kidunia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulitaka muziki wa kila taifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Joseph Kiwele, mtunzi wa Elisabethville aliyekufa mwaka 1961, alikuwa ametangulia katika njia hiyo kwa Missa Katanga yake.

Basi, katekista anayetayarisha maandamano asiulize kwanza: «Marshi hii yatoka taifa gani?» Aulize: «Mama mwenye mtoto mgongoni ataweza kuifuata? Inawaongoza watu kwa Sakramenti, ao inawageuza macho kwa wapigaji?» Fanfari inayojibu vizuri maswali hayo ni yetu, hata kama tarumbeta zake zilinunuliwa Ulaya.