Penseli ya Shabiki

Timu ya besiboli ya Washington Nationals ilipoondoka New York tarehe 23 Mei 2019, ilikuwa imeshinda michezo 19 na kupoteza 31. Wenyeji wao, New York Mets, walikuwa wameichapa siku nne mfululizo katika uwanja uleule, na vichapo viwili vya mwisho ndivyo vilivyouma zaidi. Jumatano, Max Scherzer wa Nationals alirusha mpira awamu sita bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, na timu ikaingia awamu ya nane kati ya tisa ikiongoza 1-0. Hapo warushaji wa akiba wakaruhusu mikimbio sita. Mitatu kati ya hiyo ilitoka kwenye gongo la Rajai Davis, mchezaji aliyeitwa siku hiyohiyo kutoka timu ya daraja la chini na kufika uwanjani kwa gari la kukodi. Alhamisi, awamu ya nane tena, Carlos Gómez akaupaisha mpira ukavuka uzio huku wenzake wawili wakiwa vituoni. Mets 6, Nationals 4.

Usiku kama huo shabiki huwa hana uchambuzi. Wote wabovu, kocha afukuzwe, timu iuzwe. Nami nilikuwemo katika kwaya hiyo, tena sauti ya juu. Lakini mkononi nilikuwa na penseli, na penseli ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Kwanza msomaji aelewe ukubwa wa mateso yenyewe. Shabiki wa Simba au Yanga hufuata ligi ya michezo 30. Timu yake ikifungwa Jumamosi, ana siku kadhaa za kuwakwepa watani wake na kujipanga upya. Besiboli ya Marekani ni michezo 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Kesho saa moja usiku, kabla hujamaliza kununa, wanacheza tena. Hata timu bora ya mwaka hupoteza michezo zaidi ya hamsini, kwa hiyo bingwa naye huwapa mashabiki wake jioni nyingi za kulala na donge kooni. Msimu wa kupanda na kushuka ndiyo hali ya kawaida ya mchezo huu. Kinachotofautiana ni namna mtu anavyoubeba.

Namna yangu ni karatasi ya alama. Mashabiki wa zamani huijaza kwa mkono, tukio baada ya tukio, kuanzia mrusho wa kwanza mpaka wa mwisho. Msingi wa ufundi huu uliwekwa na Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, aliyehamia Brooklyn akiwa mtoto na baadaye akawa mwandishi wa habari za kriketi. Aliyewahi kukaa pembeni mwa uwanja wa kriketi Nairobi au Dar es Salaam atakuwa amemwona yule mtu mwenye daftari kubwa mezani, asiyeshangilia wala kuzomea, anayeandika tu. Chadwick aliichukua tabia hiyo akaihamishia kwenye besiboli, na mchezo ukapata kumbukumbu ambayo michezo mingi haina. Mwaka 1938 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, na wala si kwa kushika gongo.

Karatasi yenyewe haina makuu. Kila mpigaji ana mstari wake, kila awamu ina safu yake, na pale vinapokutana pana kisanduku chenye umbo la almasi, mfano wa uwanja wenye vituo vinne. Mpigaji akifika kituo cha kwanza, unachora upande mmoja wa almasi. Akizunguka vyote akarudi nyumbani, almasi imefungwa na unaijaza rangi: huo ndio mkimbio. Walinzi wana namba: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea mpaka mlinzi wa kulia kabisa, ambaye ni 9. Ukiandika 6-4-3, mwenzako aliye Seattle au Tokyo anajua kwamba mpira uliokotwa na namba sita, ukapelekwa kwa namba nne, ukamalizikia kwa namba tatu, na watu wawili wakatolewa kwa pigo moja. K ni mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu. K iliyogeuzwa nyuma ni yule aliyesimama akiutazama mpira wa mwisho ukimpita bila kurusha gongo. Wakati timu inafungwa, hakuna alama ninayoichukia kuliko K iliyogeuzwa, na hakuna ninayoichora kwa uangalifu zaidi.

Mpaka hapo ni ukarani. Ufundi unaanzia kwenye lawama.

Chukua suala la kosa. Mlinzi akidondosha mpira ambao mchezaji wa kawaida angeudaka, unaandika E na namba yake. Halafu unatakiwa kuamua: mikimbio iliyofuata, je, mrushaji aliistahili? Ili kujibu, unaicheza awamu upya kichwani kana kwamba mpira ule ulidakwa. Nani angekuwa kituo gani? Je, awamu isingekuwa imekwisha? Kama ingekuwa imekwisha, yote yaliyotokea baadaye, hata mpira uwe umevuka uzio, mrushaji hahesabiwi katika wastani wake. Mwandishi anashika michezo miwili kwa pamoja, uliotokea na uliostahili kutokea, na kuutumia wa pili kumtendea mtu haki katika wa kwanza. Sijui mchezo mwingine unaomdai mtazamaji wake kazi ya namna hiyo.

Au chukua warushaji wa akiba, waliokuwa kidonda cha Nationals mwaka ule. Mrushaji anaondolewa akiacha watu wawili vituoni. Anaingia wa pili, anapigwa mara moja, na wale wawili wanafika nyumbani. Uwanja mzima unamzomea huyu wa pili. Karatasi inasema vingine: mikimbio hiyo ni ya yule aliyekwisha kukaa benchi, kwa maana ndiye aliyewaruhusu wafike vituoni. Ni kama daftari la deni dukani: aliyekopa ndiye anayeandikwa, hata kama aliyesimama mbele ya kaunta sasa ni mtu mwingine. Niliporudi nyumbani Mei ile na kuzipitia karatasi zangu, niliona kwamba wale niliokuwa nikiwalaani kwa nguvu zaidi hawakuwa kila mara wenye deni kubwa. Waanzaji walikuwa wanarusha vizuri. Magongo hayakuwa yamelala. Timu iliyopoteza 31 kati ya 50 haikuwa mbovu yote. Ilikuwa inavuja mahali pamoja, awamu ya saba na ya nane, na mahali hapo penseli ilikuwa imepachora usiku hadi usiku.

Sitaki kuonekana kama ninayeabudu kanuni. Ipo moja ninayoiona ya ovyo mpaka leo. Mrushaji wa akiba anaweza kuingia timu ikiongoza, akaupoteza uongozi, halafu wenzake wakafunga tena katika awamu ileile, na mara nyingi yeye ndiye anayeandikiwa ushindi. Mwenzake aliyerusha awamu saba safi anaambulia patupu. Ninaiandika hivyo kwa sababu ndiyo sheria, lakini huwa naibonyeza penseli kwa hasira.

Na kuna mambo ambayo karatasi haina pa kuyaweka. Tarehe 2 Aprili mwaka ule Bryce Harper, nyota wao wa zamani, alirudi Washington akiwa na jezi ya Philadelphia Phillies, baada ya kusaini mkataba wa miaka 13 na dola milioni 330. Alizomewa kila aliposogea. Scherzer alimtoa kwa straiki mara mbili na uwanja ukalipuka, lakini mwishowe Harper aliupiga mpira nje ya uzio na Phillies wakashinda 8-2. Usiku huohuo Trea Turner wa Nationals alivunjika kidole akijaribu kuugusa mpira kwa gongo. Zile kelele hazina alama. Wala hakuna alama ya jicho la Scherzer, ambaye katikati ya Juni alijivunja pua mazoezini, na kesho yake akapanda kilima cha mrushaji na weusi umemzunguka jicho, akarusha awamu saba bila mkimbio na kuwatoa watu kumi kwa straiki. Karatasi yangu ya siku hiyo ina K kumi zilizonyooka na kugeuka. Sura yake niliibandika mwenyewe akilini.

Baada ya ile Mei, Nationals walishinda 74 na kupoteza 38. Ukisoma hivyo utadhani ilikuwa mteremko. Tarehe 3 Septemba, dhidi ya Mets walewale, walikuwa nyuma 10-4 wakienda kupiga kwa mara ya mwisho. Watu walikuwa wanaelekea kituo cha treni cha Navy Yard, na siwalaumu. Lakini mwenye karatasi haondoki, kwa sababu ina safu moja tupu, na safu tupu humsumbua mtu. Ryan Zimmerman akapiga mpira ulioleta mikimbio miwili. Kurt Suzuki akaupiga ule wa mwisho nje ya uzio, watatu wakafika nyumbani, 11-10. Almasi saba zilijazwa katika safu moja. Waliowahi treni wana matokeo tu.

Mchezo wa mchujo dhidi ya Milwaukee, tarehe 1 Oktoba, ndio ninaoutolea mfano kila nikiulizwa ufundi huu una faida gani. Awamu ya nane, Nationals wako nyuma 3-1, vituo vyote vina watu, wawili wameshatolewa. Juan Soto, kijana wa miaka 20, anaupiga mpira kwenda kulia, nao unamponyoka mlinzi, unapita nyuma yake. Wote watatu wanakimbia nyumbani, 4-3. Televisheni ilionyesha furaha, na furaha ni kitu kizuri. Karatasi iligawa: pigo la kituo kimoja, mikimbio miwili kwa Soto, kisha E9, na mkimbio wa tatu umeletwa na kosa. Yaani kwa mujibu wa penseli, pigo lenyewe lilisawazisha tu. Kilichoipeleka Washington mbele ni kosa la mlinzi wa upande wa pili. Timu iliyolia miezi miwili kwa kuwagawia wapinzani mikimbio ya bure, ilivuka kwa mkimbio wa bure. Soto mwenyewe alinaswa katikati ya vituo na kutolewa hapohapo, jambo ambalo wengi wamelisahau kabisa. Mimi ninalo, limeandikwa.

Fainali dhidi ya Houston ilikuwa kichekesho cha kipekee. Katika michezo yote saba, mgeni ndiye aliyeshinda. Mashabiki wa Washington walioisubiri fainali hiyo, World Series, tangu ya mwaka 1933, na ubingwa tangu ule wa 1924, walijaza uwanja wao siku tatu wakaona 4-1, 8-1 na 7-1, zote kipigo: mikimbio mitatu katika siku tatu. Ubingwa ulipatikana Houston tarehe 30 Oktoba, 6-2, baada ya mpira wa Howie Kendrick wa Nationals kugonga nguzo ya kulia, jambo linalohesabiwa kuwa umevuka uzio. Alama ya mwisho ya mwaka ilikuwa K, na haikugeuzwa.

Rafiki yangu, shabiki wa Arsenal tangu enzi za Wenger, hunicheka. “Mzee, unaandika nini saa tatu nzima, na simu ipo?” Ni kweli simu ipo. Inajua kasi ya kila mrusho na pembe ya kila pigo, na hailali. Tofauti ni kwamba simu inanipa habari bila kunitaka niwe macho. Phil Rizzuto, aliyekuwa mchezaji na kisha mtangazaji wa Yankees, alikuwa na alama yake mwenyewe, WW, aliyoiweka kwenye visanduku vya matukio yaliyotokea akiwa anaangalia kwingine. Nampenda kwa hilo. Hata uzembe aliuandika mahali pake.

Timu ile haipo tena. Anthony Rendon alikwenda California baada tu ya ubingwa, Scherzer na Turner wakapelekwa Los Angeles mwaka 2021, Soto San Diego mwaka uliofuata. Msimu wa 2022 Nationals walishinda 55 na kupoteza 107. Karatasi za msimu huo ninazo pia, na kazi iliyomo si haba kuliko ya 2019: kijana aliyepanda kutoka daraja la chini na kupata pigo lake la kwanza alichorewa upande mmoja wa almasi, sawasawa na alivyochorewa Soto.

Ukitaka kuanza, tafuta penseli laini yenye kifutio na daftari la mistari. Usingoje fainali. Fungua redio jioni yoyote ya Juni, timu yako ikiwa nyuma kwa mikimbio mitano, uandike mpaka mtu wa 27 atolewe.