Beringi Mpya, Puli Iliyoliwa

Puli ile haikupaswa kurudi kwenye shafti. Naanza na hilo kwa sababu wengi mliokuwa pale Ibadakuli Jumamosi mliondoka mkiisifia kazi. Fundi alilifungua karasha la kusagia mawe vizuri: alizitoa beringi kwa pula badala ya patasi, akapachika mpya kwa bomba lililogusa ringi ya ndani tu, akabadilisha belti zote tatu kwa pamoja. Hapo sina neno.

Kisha akaishika puli. Mliosimama karibu mliona: aliigeuza juani, akapitisha kidole gumba kwenye mifereji, akanyamaza kidogo, halafu akaifuta kwa tambara na kuirudisha. Kidole kilishamwambia. Kuta za mifereji zilikuwa zimebonyea kama kijiko, na sakafu zake ziling'aa. Sakafu ya mfereji wa belti ya V haitakiwi kung'aa hata siku moja. Iwe na kutu na vumbi, maana belti haina kazi nayo. Belti hiyo hushika kwa mbavu: kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojikaza kati ya kuta mbili, na ndiyo maana belti ya kawaida ina pembe ya digrii 40 ilhali mfereji hukerezwa kwa 34 hadi 38. Kuta zikiliwa, belti huzama, na ikigusa sakafu imegeuka mkanda bapa. Lazima iteleze.

Ikateleza kweli. Mawe yalipotiwa na gololi zikaanza kupanda ndani ya pipa, belti zikalia na harufu ya mpira unaoungua ikatufikia sote. Huo ndio wakati wa kuzima mashine na kukiri kosa. Yeye akalegeza boliti za mota, akaegemeza mtaimbo, akaisukuma mota nyuma mpaka belti zikawa ngumu kama waya wa gitaa. Kelele ikakoma. Mkapiga makofi.

Lakini mvuto ule haukuishia kwenye belti. Uliingia kwenye shafti, na shafti imelala juu ya beringi zile zile mpya. Umri wa beringi ya gololi hushuka kwa mchemraba wa mzigo: mzigo ukizidi mara mbili, umri unaobaki ni sehemu moja ya nane. Mwenye karasha alilipia beringi, kisha akalipia kuziua. Nimeandika hili mara nyingi na sitachoka: ukarabati hauhukumiwi kwa sauti ya dakika kumi za kwanza.

Mafundi wa viwanda vya pamba vya ushirika, wale wa enzi za SHIRECU walionifundisha kushika spana, walitembea na rula fupi ya chuma mfukoni. Waliisimamisha kwenye ubavu wa mfereji; mwanga ukipita kati ya rula na ukuta, puli inakwenda kwa mkerezaji, hakuna mjadala. Waliuliza kwanza beringi imeuawa na nini, ndipo wakaagiza nyingine.

Ndivyo alivyofanya pia Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Gothenburg, Sweden. Kiwanda kilikaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo uliposogea, shafti zilitoka kwenye mstari na beringi zikafa mfululizo. Sisi wa mbuga nyeusi tunaujua udongo wa namna hiyo. Wingquist hakuridhika na kununua nyingine za aina ile ile. Mwaka 1907 akaleta beringi inayojirekebisha yenyewe shafti inapopinda, na mwaka huo huo kampuni ya beringi ya SKF ikaanzishwa.

Najua utetezi utakaotolewa: mawe ya kutoka Mwakitolyo yalikuwa yanasubiri, na puli ya kipimo hicho haikuwa mkononi. Mawe yamekaa ardhini miaka mingi, yangeweza kusubiri mkerezaji. Vumbi lake la kwazi, ambalo ni msasa mtupu, ndilo lililokula kuta za puli ile, na sasa linasagwa humo humo kila belti inapoteleza.

Mwenye karasha, ukiyasoma haya, kesho asubuhi usiwashe. Legeza mota, vua puli, iwekee rula. Beringi bado ni nzima.