Nguvu Inayosikia Mguu

Watazamaji wengi wa mbio za langalanga huipima injini kwa nguvu za farasi, na kila sheria mpya inapozipunguza hulalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Mimi naona kinyume. Kilele cha kazi ya fundi wa injini ni kuifanya nguvu imfikie dereva kwa kadiri anayoitaka na wakati anaoitaka. Kuizalisha tu hakutoshi. Ufundi huo hudhihirika zaidi pale sheria inapomnyima fundi nguvu za ziada. Ushahidi wangu naanza kuutafuta Imola, Italia, ambako Ayrton Senna aliongoza muda wa kufuzu mwaka 1987, 1988 na 1989, mara zote akisukumwa na injini ya Honda.

Mwaka 1987 injini hiyo ilikuwa na silinda sita, ujazo wa lita 1.5, na tabo zilizoruhusiwa kushindilia hewa hadi shinikizo la baa 4. Senna, akiwa Lotus, alimaliza mzunguko kwa dakika 1 na sekunde 25.826. Mwaka uliofuata shinikizo likashushwa hadi baa 2.5, na mafuta ya mbio nzima yakapunguzwa kutoka lita 195 hadi 150. Injini iliyotoa nguvu za farasi karibu 1,000 ikabaki na takribani 685. Senna, sasa akiwa McLaren, alitumia dakika 1 na sekunde 27.148. Karibu theluthi ya nguvu ilikuwa imeondoka, na gari likapoteza sekunde moja na kidogo tu. Mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku, Honda wakaja na injini ya silinda kumi inayovuta hewa yenyewe, na muda ukarudi hadi dakika 1 na sekunde 26.010.

Zile nguvu zilizopotea zilikuwa zikifanya kazi gani, basi? Sehemu kubwa zilikuwa zikipambana na dereva. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Dereva akiachia mafuta anapoingia kona, moshi hupungua na tabo hupoa mwendo; akikanyaga tena, hapati kitu kwanza, kisha nguvu yote humjia kwa kishindo, na matairi ya nyuma huteleza. Tangu Renault walipoingiza tabo katika mbio hizi pale Silverstone mwaka 1977, madereva walilazimika kukanyaga mafuta kabla hawajayahitaji, wakibashiri. Kubashiri katikati ya kona hupoteza muda usioonekana kwenye mashine ya kupimia nguvu. Shinikizo liliposhuka, Honda waliweza kuongeza mbano ndani ya silinda hadi 9.4 kwa 1, kwa hiyo injini ikawa na uhai hata tabo ilipokuwa haijaamka. Mafuta yao yalikuwa na toluini kwa asilimia 84, na waliyapasha moto kabla hayajaingia kwenye injini ili yageuke mvuke vizuri na yaungue bila kupotea. Kazi hiyo ya subira ndiyo naisifu, maana haina kelele wala haimvutii mpiga picha.

Nalijua pingamizi zito la hoja hii. Nelson Piquet alikuwa na injini ileile ya Honda mwaka 1988, ndani ya Lotus, na pale Imola aliachwa na Senna kwa zaidi ya sekunde tatu. Iweje tuisifu injini? Nakubali nusu ya pingamizi hilo: gari la McLaren lilikuwa bora, matairi nayo yana sehemu yake, na tofauti ya sekunde tatu haielezeki kwa injini. Lakini Piquet huyo aliyeachwa mbali alikuwa wa tatu, mbele ya Ferrari zilizobanwa na sheria ileile ya tabo. Tena Honda walikuwa wametumia klachi ndogo ili injini ikae chini zaidi, na McLaren wakaunda sanduku la gia lililoendana na kimo hicho. Injini inayokaa chini hulifanya gari litulie kwenye kona, na hilo nalo ni utiifu, ingawa halihesabiwi kwa farasi.

Wengine husema kompyuta zimeumaliza mjadala huu. Mwaka 2014 zilikuja injini za silinda sita za lita 1.6 zenye mitambo miwili ya umeme, mmoja ukiwa umeungwa na tabo yenyewe ili kuizungusha hata moshi unapokuwa haba. Pengo la zamani likazibwa. Ila mtambo wa kuzuia matairi yasiteleze ulikuwa umepigwa marufuku tangu 2008, hivyo mguu wa kulia ulibaki wa dereva, na fundi akabaki na wajibu wa kuupa jibu la kweli. Mwaka 2020 Lewis Hamilton aliuzunguka uwanja wa Monza kwa dakika 1 na sekunde 18.887, wastani wa kilomita 264.362 kwa saa, mzunguko wa kasi kuliko wote katika historia ya langalanga hadi siku hiyo. Rekodi aliyoivunja iliwekwa mwaka 2018. Kabla ya hapo ilishikiliwa tangu 2004 na Juan Pablo Montoya, kwa injini ya silinda kumi ya lita 3 na gari jepesi zaidi.

Sheria za 2026 zimeuondoa ule mtambo ulioungwa na tabo na kuupandisha mtambo wa umeme wa magurudumu kutoka kilowati 120 hadi 350. Uchelewaji wa tabo umerudi mlangoni, na umeme unaweza kuuziba. Lakini betri haina kina kirefu, na umeme uliomwagwa kwenye mlango wa kona hautakuwapo mwisho wa barabara iliyonyooka. Kwa hiyo orodha ya mwendo wa juu kabisa hainishughulishi sana. Natazama gari linavyotoka kwenye kona za taratibu, pale fundi anapochagua atumie nini na ahifadhi nini.