Jicho Lisilopepesa

Mwaka 1987 BBC ilionyesha somo la Michael Caine kwa waigizaji vijana watano, walioigiza vipande vya filamu mbele ya kamera huku naye akiwakosoa. Hawakuwa wanagenzi, na hapo ndipo ilipokuwa tabu yao. Jukwaani mwigizaji humfuata mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa. Katika filamu, kamera ndiyo imfuatayo mwigizaji.

Caine anaagiza: picha ichukuliwapo kwa karibu, usipepese, tena tazama jicho moja tu la mwenzako, macho yako yasije yakahangaika. Agizo zuri, nami nalihofia. Alishikaye hilo peke yake hugeuka sanamu, macho makavu, hana alisikialo. Caine mwenyewe hasisitizi kitu kama kusikiliza: usingoje zamu yako ya kusema, yapokee maneno kana kwamba hujapata kuyasikia.

Baadaye somo likawa kitabu. Maagizo yamo, kosa la mwanafunzi na marudio yake hayamo. Kijana wa hapa kwetu ningemshauri aanze na picha zenyewe, azime sauti, amtazame yule asiyesema.